Ngamia na Ngozi ya Ndama Wake

Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga, na kabla sijaanza kutambaa mdogo wake aliletwa Garissa kutoka Buna kuchukua nafasi yake. Ni desturi ya watu wetu. Mke akifariki na kuacha mtoto, na kwao kukiwa na dada ambaye hajaolewa, dada huyo huolewa na mume aliyebaki, ili mtoto asilelewe na mtu wa mbali. Hadithi ya kuletwa kwake ni fupi. Alikuwa kisimani akinywesha mbuzi. Kaka yake mkubwa akamjia, akamwambia kwamba dada yake amefariki na kesho yeye atapanda lori. Akauliza mbuzi watabaki na nani. Hilo ndilo swali pekee aliloliuliza siku hiyo, na kaka alilijibu.

Mimi humwita habaryar, yaani mama mdogo. Yeye pia huniita habaryar, kwa sababu kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina lile lile la udugu. Vivyo hivyo ndugu ya baba nikimwita adeer, naye huniita adeer. Mgeni akitusikiliza anaweza kudhani kila mtu anajiita mwenyewe. Mazungumzo yetu yote ni ya Kisomali. Ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika, hadi darasa la nane, na siandiki haraka.

Baba alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mrefu. Habaryar akaingia eda. Alivaa nguo nyeupe, akakaa ndani ya nyumba yetu ya mtaa wa Waberi, na kazi yake ya kuuza maziwa ya ngamia sokoni ikashikwa na jirani. Watu walikuja kutoa pole. Baadhi yao, wakishatoka nje na kuvaa viatu, walizungumza juu ya habaryar kama watu wanavyozungumza juu ya nyumba ambayo mpangaji wake amehama.

"Ataolewa na ndugu ya marehemu," mmoja alisema. "Mtu mzuri yule, na ana ngamia."

"Kaka yake atakuja kumrudisha Buna," akasema mwingine. "Hana mtoto. Anabaki hapa na nini?"

Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na thermosi ya chai mkononi.

Ni kweli kwamba habaryar hakujaliwa kuzaa. Na ni kweli kwamba desturi iliacha wazi njia hizo mbili tu: ndugu ya baba, au Buna. Eda ikiisha, angeulizwa. Mimi ni mtu mzima sasa, ningeweza kujipikia na kufua. Jambo lililonisumbua lilikuwa jingine, na sikumwambia mtu. Maisha yangu yote sikuwahi kujua kama habaryar alinilea kwa kutaka au kwa sababu aliwekwa pale. Nilidhani hakuna namna ya kujua. Sasa namna ilikuwa imepatikana. Waliomweka walikuwa wanakaribia kumwachia. Nikajiambia kwamba akiondoka, nitakuwa nimepata jibu.

Huko duksi, yaani chuo cha Kurani, nilipokuwa mdogo, tuliandika aya kwenye mbao kwa wino wa makaa, na tukishazihifadhi tuliziosha mbao. Maalim alitufundisha kwamba kila kitakachotokea kimeshaandikwa kabla ya sisi kuzaliwa. Mwenzangu mmoja akauliza kama yale maandishi ya Mungu nayo yanaweza kuoshwa. Maalim akasema, "Wewe osha ubao wako." Tulicheka, lakini nadhani lilikuwa jibu kamili. Nimelikumbuka mara nyingi, bila kufika nalo mbali.

Adeer alikaa nasi mpaka siku za kupokea rambirambi zikaisha. Alipokuwa akifunga mzigo wake aliniambia, "Adeer, twende kwa ngamia. Hapa utakaa ukitazama ukuta."

Nikasema sawa. Mimi husema sawa haraka. Watu hufikiri mtu mwenye haya ni mtu anayekubali. Mara nyingi ni mtu ambaye hajamaliza kufikiri, na wenzake wameshaondoka.

Ngamia wa adeer walikuwa upande wa barabara ya Wajir, ndani kabisa, mahali ambapo simu hushika mtandao ukipanda juu ya kichuguu tu. Asubuhi tuliwafungulia zizi la miiba, jioni tukawarudisha, na katikati tulitembea nyuma yao. Adeer ni mtu mrefu, mwenye maneno machache na mzaha mkavu. Siku za kwanza nilisubiri aseme lolote kuhusu habaryar. Hakusema. Mwishowe nikakusanya nguvu nikamuuliza kama ni kweli atamwoa.

"Mimi sijaomba," alisema. "Watu wameniombea."

"Na ukipewa?"

"Nikipewa nitachukua. Utakataaje?" Akatembea kidogo. "Mke wangu naye kasema ni sawa. Nilitumaini atakataa ili nami nipate la kusema, lakini kakubali."

Kwa hiyo hata yeye, ambaye mjini alitajwa kama mtu anayesubiri kupokea, hakuwa ameamua kitu. Nilijaribu kumtafuta mtu aliyeamua jambo hili. Kila niliyemfikiria alikuwa na mwenzake nyuma yake.

Katika kundi lile kulikuwa na ngamia jike mwekundu ambaye ndama wake alikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Wakati huohuo kulikuwa na ndama mwingine ambaye mama yake alikufa kwa kula kitu porini. Adeer alifanya kama wafugaji wetu wanavyofanya. Alimchuna yule ndama aliyekufa, akaipaka ngozi chumvi, akaianika, kisha akamfunga nayo mgongoni yule yatima. Ngamia ni mnyama wa pua. Jike alinusa ngozi ya mwanawe, akatoa ule mlio mdogo wa tumboni, na maziwa yakashuka. Yatima akanyonya chuchu mbili, na adeer akakamua mbili zilizobaki. Kila asubuhi na kila jioni ilikuwa hivyo: ngozi kwanza, halafu ndama, halafu chombo chetu.

Ngozi ilikuwa inanuka vibaya. Kazi ya kuifunga ilikuwa yangu, na mikono yangu ilinuka hata baada ya kuiosha kwa majivu.

"Tunamdanganya," nilimwambia adeer siku moja.

"Ndiyo."

"Basi si yeye anayempa yule ndama maziwa. Ni sisi."

Adeer alikuwa anakamua akiwa amesimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa juu ya goti. Alinijibu bila kugeuka. "Njoo hapa basi, adeer. Njoo uyashushe wewe."

Nikaangalia mikono yangu.

"Ngamia unaweza kumfunga miguu," alisema. "Unaweza kumpiga. Ukimpiga ndiyo kwanza anayazuia. Hakuna mtu aliyewahi kumlazimisha ngamia kushusha maziwa. Sisi tunamwekea ngozi tu. Kushusha anashusha mwenyewe."

Maneno haya niliyabeba siku nzima nyuma ya ngamia. Niliona yanasimama vizuri ukiyatazama upande mmoja, na ukizunguka upande wa pili yanaanguka. Kama anashusha mwenyewe, mbona hashushi bila ngozi? Na kama ni ngozi inayoshusha, mbona ngozi hiyo hiyo ukimpelekea ngamia mwingine hatoi hata tone? Nilimfikiria habaryar siku ile kisimani. Hakuna aliyemfunga kamba akapandishwa lori. Alipanda mwenyewe. Na kule Waberi alikuta mtoto analia.

Nilijua ninalinganisha mtu na mnyama, na kwamba si adabu. Lakini kule malishoni hapakuwa na kingine cha kulinganisha.

Kisha ngozi ikapotea. Tuliamka alfajiri kwa ajili ya swala, na ile kamba niliyokuwa nimeitundikia ilikuwa imekatika. Alama za mbweha zilikuwa mchangani. Tulifuata mburuzo hadi kwenye vichaka, tukakuta kipande cha mkia na manyoya kidogo. Adeer alikiokota kile kipande, akakitazama, akakitupa.

"Leo hatunywi chai," alisema.

Alimleta yule yatima hivyo hivyo, uchi. Mimi nilisimama kando. Nitasema ukweli kwamba nilimtazama jike kuliko nilivyoitazama karatasi ya mtihani wa darasa la nane. Jike aliinamisha shingo akamnusa. Alinusa mgongoni, alinusa shingoni, alinusa chini ya mkia, akarudi tena mgongoni pale ngozi ilipokuwa ikikaa. Akasogea pembeni hatua moja. Ndama akamfuata. Akasogea tena. Ndama akamfuata tena, akapiga kiwele kwa kichwa kama kawaida yake, bila adabu yoyote. Jike akageuza kichwa akatazama mbali, kule ambako wengine walikuwa wakianza kutoka zizini. Akasimama. Baada ya muda nikaona povu jeupe mdomoni mwa ndama.

Adeer alichukua chombo chake haraka, akainua mguu, akaanza kukamua.

"Amejua," alisema.

"Amejua nini?"

"Kwamba si wake."

"Basi mbona anampa?"

"Muulize yeye. Mimi namuuliza maziwa tu." Aliendelea kukamua, na povu likapanda chomboni. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiwele, "Au alijua tangu siku ya kwanza. Ngozi ilikuwa yetu sisi, tusiwe na wasiwasi."

Nilifurahi kwa muda mfupi. Kisha nikanusa mikono yangu. Ngozi ile sikuwa nimeigusa tangu jana yake, na bado vidole vilinuka. Manyoya ya yule ndama, yaliyokaa chini ya ngozi wiki nyingi, yalikuwa yananuka zaidi. Kwa hiyo hakuna kilichothibitika. Huenda jike alichagua, na huenda harufu ilikuwa bado haijaisha. Sikumwambia adeer. Alikuwa amepata chai yake.

Eda ilipoisha tulirudi Garissa pamoja na lori la mifugo. Kaka yake habaryar alikuwa ameshafika kutoka Buna. Ni yule yule aliyempelekea habari kisimani. Mimi humwita abti, mjomba. Alikuwa amezeeka, ndevu zake amezipaka hina, na magoti yalimuuma, kwa hiyo alikaa kwenye kiti na sisi wengine tukakaa mkekani. Alikula, akanawa mikono, akamwomba Mungu amrehemu baba. Kisha akamgeukia dada yake. Habaryar alikuwa mlangoni, amevaa nguo za rangi kwa mara ya kwanza tangu baba afariki.

"Walaal," alimwambia, yaani dada, "mume wako amekwenda mbele ya haki. Shemeji yako huyu hapa, hana neno. Kwetu pia kupo, mlango uko wazi, na mbuzi wapo. Wewe unataka nini?"

Nilimtazama abti. Sijui kama aliona alichofanya. Safari hii alikuwa ameuliza.

Habaryar alivuta mtandio wake mbele. "Nipeni muda niswali istikhara," alisema.

Hakuna aliyeweza kupinga. Mtu akisema ataswali rakaa mbili na kumwomba Mungu amwelekeze kwenye lenye heri, wazee hata wenye haraka hurudi kwenye chai yao. Abti akaitikia kwa kichwa. Adeer akatazama sakafu, na nikamwona anapumua.

Kesho yake mchana habaryar alikuwa uani akifukiza mitungi ya maziwa. Huchoma vipande vya mti ndani ya kigae, huinamisha mtungi juu yake, moshi unaingia, maziwa hayaharibiki upesi na yanapata ile ladha watu wanayoipenda. Nilikaa karibu naye nikimpokeza mitungi. Nikamweleza habari ya ngamia mwekundu. Sina kawaida ya kusimulia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikasahau kusema kwamba kulikuwa na ndama wawili, ikabidi nirudi tena. Yeye aliendelea na moshi wake. Nilipofika pale jike alipotazama mbali na kusimama, alicheka.

"Habaryar, wewe unanisema mimi," alisema.

Nikainamia mitungi.

"Unadhani mimi ndiye ngamia." Aliupindua mtungi, akachungulia ndani, akakohoa. "Ulikuwa hunitaki, unajua? Nilifika hapa na vumbi la lori, nikakubeba, ukanipigia kelele mpaka majirani wakaja. Chupa hushiki. Usingizi huna. Unanipiga kifuani na ngumi yako hii. Mama yake baba yako ndiye aliyefungua sanduku, akatoa garbasaar ya dada yangu, ule mtandio wake wa kijani, haujafuliwa bado. Akanivisha. Ukanyamaza."

Nikampokeza mtungi mwingine.

"Nikawa nauvaa kila siku. Jua kali, mimi na mtandio. Kulala, mimi na mtandio. Nikiuvua nakuwa mwizi aliyeingia nyumbani kwako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ulipotapika juu yake, nikaufua. Nilisahau kabisa, nikaufua kwa sabuni kama nguo nyingine. Nilipokumbuka ulikuwa kwenye kamba, unavuja maji, hauna harufu ya mtu. Nikakaa hapo," akaonyesha kizingiti kwa kidole, "nikasema basi, leo tutalia wote wawili."

"Nikalia?"

"Ukaja. Kwa matako, maana kutambaa ulikuwa hujui vizuri. Ukanishika hapa, ukanitazama sana. Ulitazama mpaka nikaona haya. Halafu ukalala."

Aliweka mtungi mwingine juu ya moshi.

"Na wewe?" nikauliza. "Wewe ulitaka?"

"Nilikuwa nimebeba mtoto anayelia. Mtu aliyebeba mtoto anayelia hajiulizi kama anataka. Baadaye alipolala ningeweza kujiuliza, lakini na mimi nilikuwa na usingizi." Akanitazama kidogo, akarudi kwenye kazi. "Leta huo mkubwa."

Nilimpa mtungi mkubwa. Nilikuwa nimeishi nikidhani swali hili ni lake, kama alinikubali au aliwekwa. Sikuwahi kufikiri kwamba lilikuwa langu pia, na kwamba mimi ndiye niliyewekewa ngozi. Nilijaribu kukumbuka siku ile ya kizingitini. Bila shaka hakuna cha kukumbuka. Ikiwa nilichagua, basi nilichagua nikiwa na umri ambao mtu hana hata neno la kuitia kitu anachokichagua. Na ikiwa ilikuwa ni harufu tu iliyobaki mwilini mwake, basi ndivyo ilivyokuwa, na hakuna wa kuniambia tofauti.

Baada ya siku mbili abti alisema magoti yake yanataka kurudi Buna, na kwamba kama kuna jibu alisikie. Tukakaa tena kama mwanzo. Habaryar alisema ameswali, na moyo wake umetulia hapa Waberi. Hakutaka kuolewa. Hakutaka kurudi. Ana wateja wake sokoni, ambao jirani anawapa maziwa yenye maji, na asipowahi atawapoteza wote.

"Wateja," alisema abti.

"Wateja," alisema habaryar.

Abti alimgeukia adeer. Adeer alisema kwamba jambo likishaswaliwa istikhara yeye hana la kuongeza, na alilisema upesi. Abti akatikisa kichwa kwa muda, akalalamika kidogo juu ya wanawake wa mjini, kisha akaomba apewe maziwa ya kubeba njiani. Ikaisha hivyo. Nilikuwa nimeingoja saa ile kwa miezi, na ilikuwa fupi kuliko chakula kilichofuata.

Walipoondoka nilimkuta habaryar uani akivaa viatu vya sokoni. Nikamuuliza moyo wake ulitulia lini.

"Kabla ya kuswali," alisema.

"Basi uliswali ya nini?"

"Ili wazee wanyamaze. Na ili Mungu anizuie kama nakosea." Alifunga mtandio. "Nilimpa nafasi. Hakunizuia."

Sikuuliza kama mimi nilikuwemo katika kutulia huko, au kama ni wateja peke yao. Nilikuwa nimeliandaa swali hilo tangu malishoni. Lilipofika mdomoni niliona kwamba jibu lolote atakalonipa litakuwa na kitu kingine nyuma yake, na nyuma ya hicho kingine, na kwamba ningeweza kufuata mburuzo huo mpaka vichakani nikaokota kipande cha mkia.

"Adeer yako anataka mtu wa kukaa na ngamia," alisema. "Ameniambia nikuulize. Utarudi, au unabaki?"

Neno sawa lilikuwa limeshafika. Nililirudisha. Nilisimama pale nikifikiri, na yeye akasimama akisubiri, jambo ambalo watu hawalifanyi kwangu. Nilifikiria ngamia mwekundu, nikafikiria kichuguu cha mtandao, nikafikiria mitungi ambayo habaryar hana wa kumpokeza.

"Sijui bado," nikasema. "Nataka kufikiria."

"Fikiria," alisema. "Hakuna anayekufukuza."

Honi ikalia barabarani. Lilikuwa gari la maziwa kutoka malishoni, limefika mapema.

"Lakini kwanza..." alianza kusema.

Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu, mtungi mkononi.